Ganda Lililokatikia Chembani: Kisa cha Mwindaji wa Tabora Aliyejifunza Kujaza Risasi za .375

Kisa na namna kilivyokusanywa

Kisa hiki kinamhusu mwindaji bingwa mmoja, yaani mwenye kazi ya kuongoza wageni wa uwindaji, mkazi wa Mkoa wa Tabora, ambaye hapa nitamwita Bwana S. Alinisimulia habari zake katika vikao vitatu, daftari lake likiwa wazi mezani, na mara nyingi alisoma kile alichokiandika siku ileile tukio lilipotokea badala ya kutegemea kumbukumbu. Mwalimu wake, nitakayemwita Mzee K., ni mzaliwa wa Kigoma aliyehamia Afrika Kusini miaka mingi iliyopita na anayemiliki silaha huko kwa mujibu wa sheria za nchi hiyo. Nimeondoa majina, wilaya, mwaka na jina la kampuni ya uwindaji. Mfuatano wa mambo na vipimo nimeviacha kama vilivyo daftarini.

Jambo moja sikuliondoa kwa ajili ya kuficha mtu, bali kwa makusudi: sitataja uzito wa baruti hata mara moja. Kiasi cha baruti hutoka katika jedwali la mtengenezaji wa baruti husika, kwa kichwa cha risasi husika, na namba iliyonakiliwa kutoka katika simulizi ya mtu mwingine inaweza kupasua bunduki.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuifungua risasi, ni vyema tukubaliane kuhusu maneno. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki iliyo katikati ya kitako cha ganda na inayoiwasha baruti, baruti yenyewe iliyo ndani, na kichwa, yaani ile sehemu inayotoka na kwenda kwa mnyama. Bunduki ikifyatuliwa, kichwa, baruti na fataki vimekwisha kazi, lakini ganda hubaki. Kujaza risasi kwa mkono ni kulirudishia ganda hilo umbo lake, kulitia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, kisha kulitumia tena.

Usuli

Bwana S. anafanya kazi katika mapori ya magharibi, kwenye misitu ya miyombo ambako msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai na joto kali hufika Oktoba. Bunduki yake ya kazi, anayoimiliki kwa leseni, ni ya .375 Holland & Holland Magnum. Uchaguzi huo hauna ajabu, kwa kuwa .375, yaani inchi 0.375, ndiyo kipenyo cha chini kinachokubalika kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo. Risasi hii ilianza kuuzwa mwaka 1912, mwaka uleule reli ya kati ilipofika Tabora, na hadi leo ni vigumu kutaja risasi nyingine iliyozoeleka zaidi yake mikononi mwa wawindaji wa Afrika. Ganda lake ni refu, limechongoka taratibu kuelekea mbele, bega lake, yaani mahali linapopungua kuingia shingoni, limelala sana, na juu kidogo ya kitako limezungushiwa mkanda wa shaba uliotokeza. Msomaji aukumbuke mkanda huo, kwa sababu kisa chote kimeuzunguka.

Tatizo lililomsukuma Bwana S. lilikuwa mazoezi. Risasi za .375 ni ghali, hupatikana kwa shida nje ya miji mikubwa, na mwindaji anayezinunua chache huzihifadhi kwa ajili ya kazi. Matokeo yake ni kwamba mtu anayetakiwa kumsimamisha nyati aliyejeruhiwa kwa umbali wa hatua 15 hufyatua bunduki yake mara chache mno kwa mwaka. Bwana S. alilijua pengo hilo na lilimsumbua. Aliposikia kwamba wenzake wa kusini mwa bara hujaza risasi zao wenyewe na hivyo hufanya mazoezi kwa gharama ndogo zaidi, alianza kuuliza.

Swali la kwanza lilikuwa la sheria. Tanzania Bara ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na chini yake kutengeneza risasi bila leseni ya utengenezaji ni kosa. Leseni ya kumiliki bunduki haimpi mtu ruhusa ya kuanzisha karakana chumbani kwake. Afrika Kusini ni tofauti: Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto Na. 60 ya mwaka 2000 inamruhusu mwenye leseni ya bunduki kujaza risasi za bunduki hiyo kwa matumizi yake, kwa masharti yaliyowekwa. Kwa hiyo Bwana S. aliamua kwamba kama atajifunza, atajifunza huko, kwa vifaa vya Mzee K., kwa bunduki ya Mzee K. na mbele ya Mzee K., na kwamba hatarudi nyumbani na chochote isipokuwa maarifa. Uamuzi huo aliufanya kabla ya kukata tiketi, akauandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Wiki za mwanzo

Alifika shambani kwa Mzee K., katika Mkoa wa Limpopo, msimu wa mvua ulipokuwa ukiisha. Wiki nzima ya kwanza hakugusa baruti. Mzee alimpa ndoo ya maganda yaliyokwishatumika akamtaka ayapange. Yaliyopasuka shingo yakae huku, yaliyobonyea kule, na yale yenye fataki iliyolala bapa kupita kiasi yawekwe peke yake, kwa kuwa fataki ya namna hiyo ni mojawapo ya dalili za shinikizo kubwa. Maganda 60 yaliyosalia yaligawanywa katika mafungu matatu ya 20, na kila fungu likatiwa alama ya wino kwenye kitako ili historia yake ijulikane.

Baadaye alifundishwa mpangilio wa meza. Aina moja tu ya baruti hukaa mezani kwa wakati mmoja, na chombo chake hakifunguliwi mpaka cha kazi iliyotangulia kiwe kimerudishwa kabatini. Maganda husimama kwenye kibao chenye matundu, na kabla kichwa chochote hakijapachikwa, mjazaji hupita na tochi akichungulia ndani ya kila ganda ili kuona kama baruti yote imelala usawa mmoja. Ganda lililotiwa baruti mara mbili ndilo linaloogopwa zaidi, na ganda lisilo na baruti kabisa linalifuata kwa karibu, kwani nguvu ya fataki peke yake inaweza kukisukuma kichwa hadi kikwame ndani ya mtutu, na risasi itakayofuata ikakutana nacho humo. Kiasi cha baruti huanzia chini ya jedwali na hupanda polepole. Miwani ya kinga huvaliwa mezani na huvaliwa uwanjani. Simu huzimwa.

Haya yote Bwana S. aliyashika vizuri, na daftari linaonyesha hivyo. Sitayarefusha zaidi, kwa sababu kosa halikutokea hapo.

Siku ya kufunga kalibu

Ganda likifyatuliwa hutanuka na kuchukua umbo la chemba, yaani nafasi iliyo mwanzoni mwa mtutu ambamo risasi hukaa. Ili liingie tena kwa urahisi ni lazima lisukumwe ndani ya kalibu ya chuma kigumu inayolibana na kulirudisha. Kalibu hiyo hufungwa kwa skrubu juu ya mashine ya mkono, na kadiri inavyoshushwa ndivyo inavyolisukuma bega la ganda nyuma zaidi.

Siku ya kuifunga kalibu hiyo Mzee K. alikuwa amekwenda mjini. Bwana S. hakutaka kupoteza siku, akasoma karatasi ya maelekezo iliyokuwa ndani ya kisanduku. Maelekezo yalisema kalibu ishushwe mpaka iguse kishikio cha ganda, kisha iongezwe robo ya mzunguko. Alifanya hivyo hasa. Maganda yaliyotoka yaliingia katika chemba ya bunduki bila kusita, na Mzee aliporudi jioni aliyajaribu mawili, yakaingia, akaridhika.

Fungu la kwanza la maganda 20 likawa fungu la mazoezi. Walilijaza na kulifyatua, wakalijaza tena na tena, kwa kiasi cha wastani cha baruti ambacho hakikuonyesha dalili yoyote ya shinikizo. Shabaha zilikuwa nzuri. Bwana S. alianza kuweka hesabu pembeni mwa ukurasa: kama ganda moja litajazwa mara nane, gharama ya kila risasi inashuka kiasi fulani; likijazwa mara kumi, zaidi. Hesabu hiyo ninayo mbele yangu ninapoandika, na nitairudia.

Baada ya mfyatuo wa tatu wa fungu hilo, daftari lina sentensi hii: “Maganda sita yana mduara unaong'aa mbele kidogo ya mkanda. Mkwaruzo wa mashine. Nisafishe kalibu.” Aliisafisha. Baada ya mfyatuo wa nne aliandika tu: “Mkwaruzo bado upo.”

Tukio

Katika mfyatuo wa tano, asubuhi, kwenye uwanja wa shabaha wa shambani, risasi ya 13 ililia tofauti kidogo. Bwana S. anasema haikuwa kishindo kikubwa, ila mlio ulikuwa “mpana”, na alihisi pumzi ya moto ikigusa shavu. Alisubiri mtutu ukielekea kwenye kingo ya udongo, kisha akaivuta bolti, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma. Kilichotoka kilikuwa kitako cha ganda pamoja na mkanda wake, urefu usiozidi kidole gumba, kingo zake zikiwa zimekatika kwa mduara ulionyooka kana kwamba mtu ametumia msumeno. Sehemu ya mbele ya ganda ilibaki chembani.

Miwani ilikuwa imepata vumbi jeusi. Jicho halikuguswa.

Mzee K., aliyekuwa amekaa pembeni na darubini, aliuona mkono wa Bwana S. ukielekea kwenye risasi nyingine mezani. Nia ilikuwa kujaribu kama itaingia, ili ajue kilichobaki ndani ni kitu gani. Mzee alimzuia kwa sauti.

“Acha hapo, mwanangu. Usiingize kitu chochote. Weka bunduki chini, mdomo ukiwa kule kule.”

“Nilitaka tu kuona, Mzee.”

“Tutaona kwa tochi.”

Walipochungulia kwa tochi waliona kipande cha shaba kimekaa chembani kama soksi. Mzee alikuwa na kifaa maalumu cha kutolea maganda yaliyokatika, na walikitumia baada ya kutia mafuta na kusubiri. Bunduki haikutumika tena mpaka fundi wa silaha mwenye leseni alipoikagua kwa vipimo vyake na kuthibitisha kuwa chemba na bolti ni salama. Risasi saba zilizobaki za fungu hilo zilivunjwa, vichwa vikavuliwa na baruti ikatolewa.

Uchunguzi wa maganda

Kazi iliyofuata ndiyo iliyomfundisha Bwana S. kuliko miezi yote. Mzee K. alichukua waya mwembamba, wa unene wa klipu ya karatasi, akaukunja ncha kwa pembe ya mraba na kuinoa ncha hiyo. Waya huingizwa kupitia mdomo wa ganda mpaka ndani karibu na kitako, kisha huvutwa polepole ukikwaruza ukuta wa ndani. Katika ganda zima waya huteleza tu. Katika ganda lililodhoofika, ncha hutumbukia kwenye mfereji na kunasa. Kati ya maganda 19 yaliyobaki, waya ulinasa katika 11. Walilikata moja kwa msumeno wa chuma kwa urefu, kutoka mdomoni hadi kitakoni, na mfereji ulionekana kwa macho: ukuta ulikuwa umeliwa kwa ndani, mahali palepale ambapo kwa nje palikuwa na mduara unaong'aa.

Kwa hiyo kile kilichoandikwa “mkwaruzo wa mashine” hakikuwa mkwaruzo. Ilikuwa shaba inayovutika na kukonda.

Sababu yake ni hii. Bunduki inapofyatuliwa, kuta nyembamba za mbele za ganda hutanuka kwanza na kung'ang'ania chemba, huku kitako kinene kikisukumwa nyuma mpaka kikutane na uso wa bolti. Kama kuna nafasi kati yao, ukuta wa ganda huvutika ili kuijaza, na unavutika mahali pale ambapo unene wa kitako unaishia na wembamba wa ukuta unaanza. Ganda likitoka chembani limejaa umbo la chemba, na lingeachwa na umbo hilo, nafasi isingekuwepo tena. Lakini kalibu iliyoshushwa kwa kufuata karatasi ililisukuma bega nyuma upya kila mara. Walipopima kwa venia, kifaa cha kupimia urefu mdogo sana, iliyofungwa pete ya kupimia bega, tofauti kati ya ganda lililotoka chembani na lililotoka kwenye kalibu ilikuwa milimita 0.4. Kila mfyatuo ulivuta, kila kalibu ilirudisha, na shaba iliyokuwa ikihamia mbele ilitoka kwenye ukuta uleule.

Hapa ndipo mkanda unapoingia. Katika risasi isiyo na mkanda, kama .30-06, bega ndilo linaloizuia risasi isizame chembani, na ukilisukuma nyuma sana mara nyingine pini haitaigonga fataki kwa nguvu inayotosha, hivyo bunduki yenyewe inaweza kukuonya. Ganda la .375 linazuiwa na mkanda. Bega likiwa nyuma kiasi gani, mkanda unakaa mahali pake, fataki inagongwa barabara, risasi inalia, na shabaha inapatikana. Mkanda uliwekwa kwa sababu bega la ganda hili limelala mno kuweza kutegemewa, na kwa kazi hiyo unafaa sana. Ila kwa mjazaji mgeni, mkanda huohuo hulifunika kosa.

Uamuzi wa pili, na kosa lake

Mtu aliyeogopa hukimbilia upande wa pili, na Bwana S. hakuwa tofauti. Kwa fungu la pili la maganda aliamua kutoligusa bega kabisa. Alitumia kalibu ya aina nyingine inayobana shingo peke yake, ili kichwa kishikwe, na sehemu yote iliyobaki ikae na umbo la chemba. Sababu yake ilikuwa na mantiki: pasipo nafasi, ukuta hauvutiki. Mzee K. alimwachia afanye, akisema tu kwamba watazungumza baadaye.

Mara mbili za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mara ya tatu, risasi nne kati ya 20 ziliifanya bolti iwe nzito kufunga. Maganda yalikuwa yametanuka kidogo kidogo mpaka yakawa hayana tena uhuru chembani. Mezani Bwana S. aliweza kuifunga bolti kwa kusukuma zaidi, na alieleza kwamba tatizo ni dogo. Mzee alimwambia asimame, aweke bunduki begani, aingize na kutoa risasi upesi kama afanyavyo porini. Ya pili kati ya zile nne ilikwama bolti ikiwa nusu.

“Sasa niambie,” Mzee alimuuliza, “nyati yuko wapi?”

Bwana S. anasema hakujibu. Mtu anayelenga shabaha za karatasi kwa utulivu anaweza kupendelea maganda yanayobana chemba, na wapo wanaofanya hivyo kwa mafanikio. Risasi ya mnyama hatari ni lazima iingie kila mara, hata ikiwa na vumbi, hata mkono ukitetemeka. Utaratibu huo wa kubana shingo peke yake uliachwa siku hiyo.

Utaratibu waliobaki nao

Kwa fungu la tatu walianza na chemba badala ya karatasi. Walipima bega la maganda yaliyotoka katika bunduki hiyohiyo, wakaipandisha kalibu juu, kisha wakaishusha kidogo kidogo, wakipima kila hatua, mpaka bega likarudi nyuma kwa milimita 0.05 tu, takriban nusu ya unene wa karatasi ya ofisi. Katika kiwango hicho bolti ilifunga bila kusita, na shaba haikuwa na mahali pa kuvutikia. Kalibu ilikazwa kwa nati yake na kuwekwa alama ya rangi. Kabla ya kichwa chochote kupachikwa, kila ganda lilipitishwa waya ndani, na kila risasi iliyokamilika iliingizwa na kutolewa chembani, mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye kingo na bolti ikiwa imeondolewa pini ya kugongea.

Maganda ya fungu hilo yalifyatuliwa mara nne kabla Bwana S. hajaondoka. Waya haukunasa katika hata moja. Mzee K. alimwambia kwamba baada ya mara ya tano atayatupa hata kama yanaonekana mazima, na Bwana S., ambaye miezi miwili nyuma alikuwa akipiga hesabu ya mara kumi, hakubishana.

Baada ya kurudi Tabora

Alirudi na daftari, venia na michoro ya ganda lililokatwa, ambayo aliichora kwa kalamu ya risasi kwa uangalifu mkubwa. Hakubeba hata ganda tupu. Kazini anatumia risasi za kiwandani, na kabla ya Julai kila mwaka huzikagua moja moja: shingo, mdomo, kina cha fataki, usawa wa kichwa. Porini huziweka kivulini, kwa sababu baruti iliyopata joto kali hutoa shinikizo kubwa zaidi, na dashibodi ya gari la porini mwezi Oktoba ni kama tanuri.

Habari kwamba amejifunza kutengeneza risasi zilimtangulia nyumbani. Wiki ya pili alitembelewa na shemeji yake, mkulima wa mahindi, ambaye ana gobore la kurithi na anasumbuliwa na nguruwe pori na nyani. Ombi lilikuwa la wazi.

“Shemeji, wewe sasa ni fundi. Nitafutie baruti ya kisasa, hii ya kwetu inatoa moshi tu.”

Bwana S. alikataa. Alimweleza kwamba sheria hairuhusu, kwamba yeye mwenyewe hana leseni ya kutengeneza wala kuuza chochote, na kwamba hata hilo gobore, kama halina leseni, linamweka shemeji hatarini. Shemeji aliondoka bila kunywa chai, na kwa miezi kadhaa walisalimiana kwa mbali.

Uchambuzi

Nimekusanya maoni ya watu watatu kuhusu kosa la kwanza lilikuwa la nani. Mzee K. anajilaumu kwa kwenda mjini siku ya kufunga kalibu, na kwa kuridhika jioni kwa sababu tu maganda yaliingia. Bwana S. anajilaumu kwa kutosubiri. Fundi wa silaha, kwa mujibu wa maelezo ya Bwana S., alilaumu karatasi ya maelekezo. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini mimi siweki uzito mkubwa hapo. Kalibu iliyofungwa vibaya ni kosa la kawaida la mgeni, na kama lingegunduliwa baada ya mfyatuo wa tatu, gharama yake ingekuwa maganda 20 tu. Ninachokiona kizito ni ile sentensi ya daftari. Macho yaliona mduara na mkono ukauandika, kisha ukaandika pia sababu ambayo hakuna aliyeithibitisha. Dalili ikishapewa jina huacha kuwa swali. Kama angeandika “mduara, sijui ni nini”, angemwonyesha Mzee jioni ile.

Na kwa nini jina hilo lilikuja haraka hivyo? Ukurasa wa hesabu unajibu. Mtu aliyeanza kujaza risasi ili aokoe fedha, na ambaye faida yake inategemea ganda liishi mara kumi, ana sababu ya kutamani kwamba alama mbaya iwe mkwaruzo. Simshutumu, gharama ndiyo iliyompeleka Limpopo, na mazoezi aliyoyataka ni haki ya mtu yeyote anayesimama mbele ya nyati kwa ajili ya wageni na wasaidizi wake. Lakini hesabu ya fedha ilikuwa kwenye daftari moja na ukaguzi wa maganda, mkono mmoja ukiandika vyote viwili, na hesabu iliuvuta ukaguzi.

Yaliyofaa yalikuwa yale yaliyofanywa kabla ya hatari kuonekana. Miwani ililinda jicho. Kiasi cha wastani cha baruti kilifanya ganda likatike kwa utulivu kiasi, badala ya gesi kurudi kwa nguvu ambayo ingemuumiza. Alama za wino ziliwawezesha kujua kwamba tatizo ni la fungu zima na si la ganda moja bovu. Na ile sauti ya Mzee, “usiingize kitu chochote”, ilizuia jambo ambalo lingegeuza ajali ndogo kuwa kubwa: risasi nyingine ikisukumwa nyuma ya kipande kilichobaki, ikwame bila kufunga au ifunge mahali pasipo pake.

Kosa la pili, lile la kubana shingo peke yake, nalithamini zaidi ya la kwanza kwa kufundishia. Lilifanywa kwa makusudi, kwa sababu iliyoeleweka, chini ya jicho la mwalimu, na lilijaribiwa mahali ambapo nyati hayupo. Wapo walimu ambao wangelikataza mapema. Mzee K. aliruhusu, kisha akaandaa jaribio la haki, na naamini ndiyo sababu Bwana S. alielewa kwamba milimita 0.05 ni kiasi kilicho kati ya hatari mbili anazozifahamu kwa mkono wake mwenyewe.

Kuhusu sheria, uamuzi ulioandikwa ukurasa wa kwanza ulimsaidia shemeji alipokuja, kwa kuwa hakulazimika kufikiri upya mbele ya ndugu. Hata hivyo jibu lake lilikuwa na upungufu, na yeye mwenyewe amelikubali hilo. Alizungumzia leseni na polisi, akanyamaza kuhusu chuma. Gobore limejengwa kwa ajili ya baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, hupandisha shinikizo ambalo mtutu wa gobore hauwezi kulihimili, na ikishindiliwa humo kwa kipimo cha mazoea mtutu hupasuka karibu na uso na mkono wa mfyatuaji. Shemeji aliondoka akiamini kwamba amenyimwa kitu kizuri kwa sababu ya karatasi za serikali, na mtu mwenye imani hiyo huenda kukitafuta kwingine.

Bwana S. alikwenda kwake baada ya mavuno, akiwa na michoro yake. Aliweka mezani mchoro wa ganda lililokatwa kwa urefu, akaonyesha mfereji, akaeleza jinsi shinikizo linavyotafuta mahali pembamba, kisha akaeleza kuhusu gobore. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akaushika mchoro, akaugeuza kuelekea kwenye mwanga wa mlango.

“Sasa huu mfereji uko ndani, shemeji. Mtu wa nje anaujuaje?”

Bwana S. alitoa waya uliokunjwa ncha kutoka mfukoni, akamwonyesha unavyoingia.